Vibuyu Kumi na Viwili, Bibi Mmoja

Mpendwa Shangazi Asmahani,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kwenye gazeti la wiki hii, kwa sababu Jumamosi ijayo tunakwenda Kasulu kwenye mashindano ya sayansi ya sekondari, na mimi nikifika Kasulu nitatakiwa kusimama na kusema sentensi moja tu, na sentensi hiyo ni ya uongo, na wanaojua kwamba ni ya uongo ni mimi na bibi yangu peke yetu, na bibi yangu yeye anaona ni kichekesho.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Murungu, wilaya ya Kibondo. Nina aibu, Shangazi, si ile ya kujitia, ni aibu yenyewe, mwalimu akiita jina langu naitikia moyoni halafu nashangaa kwa nini ananiwekea alama ya kutokuwepo. Nyumbani tunaongea Kiha, shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo nina lugha tatu za kunyamazia. Majina ya watu humu nimeyabadilisha, isipokuwa la Bibi Josepha, kwa sababu yeye hasomi magazeti na angefurahi kutajwa.

Mambo yalianzia kwa mama yake Rabia. Rabia ni rafiki yangu, na kwao ng'ombe aliugua akachomwa sindano, na baada ya hapo maziwa yakagoma kuganda, mtindi ukakataa kabisa, yakabaki maji maji yenye harufu, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu kawatupia jicho. Mwalimu wetu wa baiolojia, mwalimu Khamisi, ambaye kwao ni Pemba na anafundisha na hesabu pia kwa sababu mwalimu wa hesabu alihama, akasema hakuna jicho hapo, ile sindano ni antibiotiki, inaua bakteria, inapita kwa ng'ombe mpaka kwenye maziwa, na mtindi wenyewe ni kazi ya bakteria, sasa mnategemea nini. Hapo Godson akanyoosha mkono. Godson ni kiongozi wa klabu yetu ya sayansi, anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia (sio kwamba nampenda, naomba uelewe), akauliza, mwalimu, ipi ni kali zaidi kwa mtindi, penisilini au ile ya njano, tetrasaiklini? Mwalimu akacheka akasema, huo ndio mradi wenu.

Tukafanya hivi, Shangazi, nakueleza polepole. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe, unayagawa kwenye vichupa, kila kichupa unatia kijiko kidogo cha mtindi wa nyumba fulani kama mbegu, halafu unaweka dawa, kichupa cha kwanza nyingi, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya hiyo, unashuka hivyo hivyo. Unalala. Asubuhi unainamisha vichupa uone kipi kimeganda na kipi kimegoma. Dawa iliyozuia kuganda kwa kiasi kidogo zaidi, hiyo ndiyo kali zaidi kwa mtindi huo. Mwalimu akatuonya kwamba mtindi wa nyumba moja unaweza kuwa na tabia zake, kwa hiyo tuchukue kwenye nyumba nyingi, na nyumba hizo zisihusiane. Tulilishika hilo, Shangazi! Godson alipita anahoji watu mpaka akafukuzwa, nyie na wale wa bondeni ni ndugu? Shemeji yenu kaolewa wapi? Nyumba yoyote iliyokuwa na undugu na nyingine tukaiacha. Tukabaki na nyumba kumi na mbili ambazo hazina hata binamu.

Na matokeo yakawa matamu mno. Nyumba zote kumi na mbili, penisilini ilizuia kwa kiasi kidogo kuliko tetrasaiklini. Hakuna hata moja iliyokwenda kinyume. Mwalimu akachukua sarafu akasema, kama dawa hizi zingekuwa sawa, kila nyumba ingekuwa kama kurusha sarafu, ipi itashinda hujui. Sasa kupata kichwa mara kumi na mbili mfululizo, uwezekano wake ni mmoja kati ya elfu nne na kitu. Akasema huo si mkosi wala bahati, hiyo ni takwimu imesema. Godson akarukaruka mpaka akavunja kichupa.

Tukashinda wilaya. Mkuu wa shule akatutangaza mstarini. Wazazi wakachanga nauli na sweta za rangi moja. Na kwenye kugawana maneno ya kusema Kasulu, Godson akachukua utangulizi, njia na hitimisho, Rabia akachukua michoro, na mimi kwa sababu ya aibu yangu wakanionea huruma wakanipa sentensi moja ya Kiingereza ya maneno manne, "We had twelve samples", yaani tulikuwa na sampuli kumi na mbili. Basi. Naisema asubuhi nikipiga mswaki na nimeshaizoea, hata kigugumizi hakipo.

Sasa juzi juzi nikatumwa kurudisha mabakuli ya watu. Nyumba ya mwisho ilikuwa kwa mama Felician. Nikasalimia kwa Kiha, mwakeye, akaitikia, akapokea bakuli lake akaligeuza geuza, akaniuliza, "Hivi ule mtindi mliufanyia nini?"

"Tuliuwekea dawa, mama."

"Masikini mtindi wa watu! Na bibi yako aliwaruhusu?"

"Bibi anahusikaje, mama?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Si wake! Nilipoolewa hapa mama mkwe alinipa kibuyu kitupu, akasema nenda kwa Josepha akutilie mbegu. Bibi harusi yeyote anayeletwa upande huu anaanzia pale. Na ukiharibikiwa na mtindi wako, unarudi pale pale. Wewe mjukuu hujui?"

Shangazi, nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Nilimkuta Bibi anamenya mihogo. Nikamtajia zile nyumba moja moja. Yule wa juu? "Nilimpa mimi." Wa karibu na zahanati? "Huyo alichukua kwa wa juu." Wa bondeni? "Mama yake alikuja na kibuyu mimi bado nina meno yote." Zote, Shangazi. Zote kumi na mbili. Na akaongezea bila kuulizwa, "Na mwalimu wenu yule wa Pemba, anaokunywa yeye ni wangu pia. Alikuja hapa hana hata bakuli."

Yaani tulikagua undugu wa watu mpaka kwa mashemeji, tukasahau kukagua undugu wa mtindi.

Halafu Bibi, kwa kujisifu, akasema kitu kilichonimaliza. Akasema, "Na wangu haugomi ovyo kama wa kwa kina Rabia, wale wananunua mbegu ya pakiti mjini. Ng'ombe wangu nimemchoma ile ya njano miaka na miaka, mtindi unaganda tu. Umeshazoea." Ile ya njano, Shangazi! Sasa kama mtindi wa Bibi umezoea tetrasaiklini, basi tetrasaiklini ilionekana dhaifu kwenye nyumba zote kwa sababu ya ng'ombe mmoja wa Bibi, na sisi tumeandika kwenye bango herufi kubwa "mtindi wa Kibondo".

Nilijaribu kusema. Siku tunasafisha vichupa nilimwambia Godson, kwa sauti yangu ileile ya mbu, "Godson, je, kama hii mitindi yote ni ndugu?"

Akasema, "Ndugu kivipi? Mtindi una ukoo? Una mahari?"

Rabia akacheka, "Mwache, ana homa ya Kasulu huyo. Sentensi moja inamtoa jasho."

"Sikia," Godson akasema, "kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wewe unataka kubishana na sarafu?" Halafu akanipa sabuni. Nikaosha vichupa vyote nikanyamaza. (Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya Godson.)

Ningeendelea kunyamaza mpaka Kasulu, nakiri, kwa sababu ni mara ya kwanza watu wa shule wananisalimia kwa jina. Lakini Jumapili baada ya ibada, mzee Tharsisi, jirani yetu mwenye ng'ombe watano ambaye anauza maziwa Kibondo mjini, alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Hongera, binti. Nilimsikia yule kijana wenu kwenye mkutano wa wazazi. Mimi penisilini nimeiacha, nimehamia ya njano. Namchoma asubuhi, jioni nakamua, napeleka sokoni. Wateja hawalalamiki, mtindi unaganda. Wasomi mmetusaidia."

Na mimi nikasema ahsante. Shangazi, nilisema ahsante!

Sasa nifanyeje? Nikisema, safari inakufa, sweta zimeshashonwa, mwalimu Khamisi ataaibika, Godson hatanisamehe, na watasema yule bubu siku aliyofungua mdomo ndiyo alituharibia. Nikinyamaza, nitasimama Kasulu niseme maneno manne ninayojua ni ya uongo. Au nijifanye naumwa siku hiyo? Bibi anasema nikinywa maji ya ule mti wake mchungu nitaharisha vizuri tu. Naomba unisaidie, sina mwingine wa kumwambia.

Ni mimi,
Mwenye Sentensi Moja, Murungu

SHANGAZI ASMAHANI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa hilo la maji ya mti. Kuharisha kwenye basi la Kasulu ni aibu kubwa kuliko zote ulizonitajia, na wenye basi hawasimami kila mahali. Bibi Josepha mpe salamu zangu za heshima, na umwambie dawa zake nimezikataa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikavaa miwani. Mimi takwimu nilizifahamu kwa shida, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu anayefundisha hesabu chuoni nikamsomea. Akasema, "Huyo binti ana akili kuliko mradi wake." Hilo nakupa bure. Akasema pia mwalimu wenu hakukosea kuhusu sarafu. Sarafu inahesabika kama imerushwa mara kumi na mbili. Nyie mmeirusha mara moja, kisha mkaita watu kumi na wawili waje kuitazama. Bila shaka wote wameona kichwa! Ile elfu nne na kitu mliyoishangilia haipo. Kilichopo ni kibuyu kimoja kilichojibu swali moja, vingine vimeitikia kama kwaya.

Lakini na wewe usijilaumu kwamba kazi yote ni takataka. Kwa mtindi wa bibi yako, penisilini ilizuia kwa kiasi kidogo kuliko tetrasaiklini. Hilo mmeliona kwa macho, mara kumi na mbili. Ni kweli, ila ni kweli ndogo. Kilichoharibika ni bango linalosema "Kibondo" mahali panapotakiwa "Josepha". Na hiyo habari ya mtindi kuzoea dawa ya njano, inawezekana, na inawezekana si hivyo. Kwa kibuyu kimoja huwezi kujua, kwa hiyo hata hilo usiende kulitangaza kama vile umelithibitisha. Umeshaona kutangaza mapema kunavyozaa matatizo.

Sasa nakugombeza, kaa vizuri.

Mzee anachoma ng'ombe asubuhi, jioni anakamua, maziwa yanakwenda kwa watoto wa watu mjini, na wewe unamwambia ahsante. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu wewe wiki hii nikamwacha bwana mmoja wa Kigoma mwenye wake wawili na simu tatu. Hata kama mngekuwa na vibuyu mia moja visivyohusiana, mzee Tharsisi angekuwa amekosea. Dawa kuwa dhaifu kidogo kwenye kichupa si ruhusa ya kuinywa kwenye chai. Mtindi kuganda si ushahidi kwamba dawa haimo. Umetoka kuniambia mwenyewe kwamba kuna mtindi unaoweza kuganda nayo imo! Kila chupa ya dawa ya mifugo imeandikwa siku za kusubiri kabla maziwa hayajatumiwa, na kuyachemsha hakuiondoi dawa yote. Kuna watu miili yao haipatani na dawa hizi, kuna watoto, na kuna wadudu wa magonjwa wanaojifunza kuzizoea tukiendelea kuzinywa kidogo kidogo. Hilo na Bibi Josepha alisikie, kwa heshima zake zote.

Kwa hiyo jambo la kwanza si Kasulu, ni kwa mzee Tharsisi, leo, kabla hajakamua ya jioni. Nenda na bibi yako. Wewe hutaweza kumkatalia mzee, najua, utaitikia moyoni. Bibi yako akiingia uani kwa watu kwa sauti yake, wewe kazi yako ni kushika chupa ya dawa na kuonyesha kidole palipoandikwa siku. Kidole hakina aibu. Akibisha, mwambieni amuulize daktari wa mifugo wa kata.

Pili, kesho asubuhi. Usimfuate Godson, yule atakupa sabuni tena. (Na umeniandikia mara mbili, kwa mabano, mambo ya Godson nisiyokuuliza. Nimeyaona, nimenyamaza, tuendelee.) Chukua karatasi kubwa, chora ukoo. Juu kabisa kibuyu cha Josepha, chini yake vile kilivyovizaa, chini yake wajukuu, mpaka vitimie kumi na viwili, na pembeni kabisa bakuli la mwalimu Khamisi. Mpelekee mwalimu kabla ya kipindi cha kwanza, iweke mezani, usiseme kitu. Aliyewaonya mchukue nyumba zisizohusiana ni yeye, ataelewa kabla hajamaliza kusoma mstari wa pili. Kama ni mwalimu wa kweli atacheka kwanza, kisha ataita Godson na Rabia yeye mwenyewe. Kama atakasirika, atakuwa amekasirikia karatasi.

Wewe unadhani safari itakufa. Kwa nini ife? Fikiria unakaa kwenye meza ya waamuzi pale Kasulu. Asubuhi nzima umesikiliza watoto wakisema kila kitu kimefaulu, kila jaribio limekubali, kila grafu imepanda. Kisha wanakuja watatu wenye sweta za rangi moja na mchoro wa ukoo wa mtindi, wanasema tulikagua undugu wa watu tukasahau wa vibuyu, kwa hiyo hatuwezi kusemea wilaya, tunasemea kibuyu kimoja, na safari nyingine kabla ya kijiko tutauliza kila nyumba mbegu yao ilitoka wapi. Mimi ningeamka usingizini. Kama hamtapata kikombe, mtarudi bila kikombe, sweta mtazivaa Kibondo kuna baridi. Sikuahidi ushindi. Nakuahidi tu kwamba hakuna mwamuzi atakayewashika na kitu ambacho mmeshakisema wenyewe.

Usianze mbio za kutafuta mitindi mingine kumi na moja wiki hii. Mtachukua ovyo, mtarudia kosa lile lile kwa haraka. Hata kina Rabia na mbegu yao ya pakiti wasubiri. Baada ya mashindano mna muhula mzima, na Kibondo imejaa wauguzi na walimu waliohamishiwa huko kutoka mikoa mingine, wengine wamekuja na mbegu zao. Mtapita kwao kistaarabu.

Godson atanuna. Atakuwa na utangulizi, njia na hitimisho vya kuandika upya kwa siku mbili, na kelele zake mtazisikia mpaka Kasulu. Mwacheni. Rabia naye aongeze mchoro mmoja.

Wewe ndiye mwenye kazi ndogo kuliko wote, mwanangu. Sentensi yako ina maneno manne, na wenzako walikupa hiyo kwa kudhani haina uzito. Matatu ni ya kweli tayari. Badilisha hilo moja la idadi, uliseme kwa sauti hata mlinzi wa getini alisikie, kisha ukae chini.